Kaduara Kadogo Kwa Ramani ya Kitambo: Vile Visima vya Mafuta Vilipotea Katikati ya Ng'ombe Kule Osage

Kama ulifanya Jiografia hadi KCSE, unaikumbuka ile karatasi ya ramani. Unapewa kipande cha nchi chenye hujawahi kukanyaga, mistari ya kahawia imejikunja kila mahali, halafu unaambiwa upime barabara kwa uzi na useme watu wa hapo wanafanya kazi gani. Wengi walikisia "ufugaji", wakachukua alama zao mbili, wakahepa.

Sasa skia hii. Ramani za dizaini hiyo hiyo, zenye zilichorwa kabla hata wazazi wa wengine wenu wakutane, ndizo wanasayansi wa Marekani wanatumia siku hizi kusaka visima vya mafuta vyenye vilisahaulika. Na si kusaka ndio wachimbe tena wakuwe masonko. Wanavisaka ndio wavizibe, juu vingine vinavujisha gesi, vingine vinamwaga maji ya chumvi kwa malisho, na hakuna ofisi yoyote iko na rekodi yavyo. Mwenye alivichimba alishakufa, kampuni ilishafungwa, na chuma chenye kilikuwa kimesimama juu kilishauzwa. Kile kilibaki ni kaduara keusi kwa karatasi.

Ndio tuelewane vizuri, twende sehemu moja tu: Osage County, jimbo la Oklahoma. Jina likikugonga kichwani, pengine uliona Killers of the Flower Moon, ile filamu ya Martin Scorsese ya 2023 yenye De Niro, DiCaprio na Lily Gladstone. Hiyo ndiyo Osage yenyewe. Ng'ombe juu, mafuta chini, na damu katikati.

Vile karatasi yenyewe inasomwa

Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, lilianza kuchora ramani za topografia mnamo 1884. Zile maarufu zaidi zilitoka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa skeli ya 1:24,000. Kwa lugha ya mtaa: sentimita moja kwa karatasi ni mita 240 chini. Zile za kwetu za Survey of Kenya zenye ulipigana nazo shuleni ni 1:50,000, kwa hivyo hizi za Marekani zinakusongeza karibu mara mbili. Karatasi moja ya Oklahoma inafunika eneo la kilomita 11 hivi kwa 14. Kufunika yale majimbo 48 yenye yameshikana, walihitaji karatasi zaidi ya 55,000, na hiyo kazi iliisha 1992. Fikiria hiyo subira.

Zilikuwa zinatengenezwa hivi. Ndege inapita juu ikipiga picha zenye zinalaliana. Fundi anaziangalia mbili mbili kwa mashine hadi vilima vinainuka mbele ya macho yake, anafuata umbo la nchi akichora kontua. Halafu kuna msee anatumwa mashinani kabisa, na gari na buti, kuthibitisha: hii nyumba bado iko? Hii njia inapitika? Huu mto wenyeji wanauita nani? Hiyo safari ya mwisho ndiyo inafanya ramani hizi ziaminike. Mtu alifika pale.

Rangi zina kazi zake. Kahawia ni kontua, urefu wa nchi. Samawati ni maji. Kijani ni miti. Nyekundu ni barabara kubwa na ile mistari ya kugawa ardhi. Nyeusi ni majina na kitu yoyote binadamu amejenga. Ukiona zambarau, ujue ramani iliongezewa vitu baadaye kutoka kwa picha za ndege, bila ile ziara kamili ya mashinani, kwa hivyo zambarau iamini kidogo kuliko nyeusi.

Fungua karatasi yoyote ya magharibi mwa Osage. Kitu ya kwanza utaona ni weupe. Karatasi iko tupu kama mfuko tarehe 20. Lakini weupe hapo unamaanisha nchi wazi, na nchi wazi ya Osage ni nyasi. Kuna nyasi hapo inaweza kurefuka kuliko mtu mzima. Chini yake kuna mawe ya chokaa karibu sana na uso wa ardhi, jembe likigonga linarudi, ndiyo maana hiyo sehemu haikuwahi kugeuzwa shamba la mahindi. Ilibaki ya mifugo. Kitambo ng'ombe walikuwa wanaletwa kutoka Texas kwa treni, wamekonda, wananenepeshwa na hiyo nyasi msimu mzima, halafu wanaenda sokoni.

Ng'ombe mwenyewe hachorwi kwa ramani, lakini alama zake ziko. Cheki vidimbwi vidogo vya samawati, kila kimoja kina upande mmoja umenyooka kama umekatwa na rula. Hicho kimechimbwa. Mwenye ranchi ameziba kijito na tuta la udongo ndio wanyama wapate maji. Cheki pia vinu vya upepo vya kuvuta maji, na vijito vyenye mstari wake umekatika katika na vidoti, maana vina maji msimu wa mvua tu. Vijumba ni viboksi vyeusi, na viko mbali mbali sana. Unaweza pitisha kidole sentimita kumi bila kugusa nyumba, na hizo ni karibu kilomita mbili na nusu.

Juu ya hayo yote kuna mraba mwekundu baada ya mraba mwekundu, kila mmoja na nambari yake, kutoka 1 hadi 36. Hiyo ni ile hesabu ya Wamarekani ya kugawa nchi: kila mraba ni maili moja kwa maili moja, ekari 640. Nchi ilipigwa rula kabla watu waulizwe.

Sasa tafuta mafuta. Njia rahisi si kutafuta maduara. Tafuta barabara za ajabu. Utaona njia ya vumbi, imechorwa kwa mstari wa vipande vipande, inatoka kwa barabara kubwa, inaingia kwa malisho, inapanda kakilima, halafu inaisha. Hakuna nyumba. Hakuna maji. Hakuna kaburi wala shule. Nani alipoteza pesa kutengeneza njia ya kwenda mahali hakuna kitu? Sasa ndio uangalie mwisho wake vizuri: kuna kaduara keusi, tupu ndani, kadogo kuliko herufi o ya hii sentensi. Hicho ni kisima. Zikiwa nyingi, zinajipanga kama madoa ya surua, na maandishi marefu yamepita juu yao kusema hiyo ni fildi gani ya mafuta. Duara lenye limejazwa weusi ni tangi. Mstari mrefu wenye haujali mlima wala mto ni bomba.

Kuna pia vitu vya kushtua. Kaskazini-magharibi, karibu na Shidler, palikuwa na mji wa watu wa mafuta ulioitwa Whizbang. Ulichipuka miaka ya 1920 wakati fildi ya Burbank ilikuwa imelipuka, kila mtu anaomoka, mabaa, bunduki, kelele. Wakuu wa posta waliona hilo jina halina heshima, wakaandika Denoya. Mafuta yakapungua, wasee wakabeba vitu vyao, mji ukafa. Leo ni misingi ya majengo kwa nyasi. Mji mzima umegeuka kuwa jina kwa karatasi, na ng'ombe wanapita juu.

Kile ramani haikuambii

Hapa ndipo lazima nikukalishe chini. Ramani ya topografia inakuonyesha uso wa nchi. Haisemi nani ni mwenyewe, na pale Osage, hilo ndilo swali lenye limeua watu.

Wa-Osage walisukumwa kutoka Kansas miaka ya 1870. Lakini hawakupewa hiyo nchi mpya bure kama msaada. Waliinunua kwa pesa yao, nchi ya mawe yenye wakulima wazungu waliidharau. Mafuta yakapatikana 1897. Halafu 1906 gova ya Marekani ikapitisha sheria ya kugawa ardhi yao ekari kwa ekari. Wazee wa Osage walikubali kwa sharti moja, na naona hiyo ni mojawapo ya akili kali zaidi kuwahi kuingia kwa mkataba wa ardhi: uso ugawanywe, lakini kila kitu kilicho chini kibaki cha taifa zima la Osage, pamoja. Watu 2,229 waliandikwa kwa orodha. Kila mmoja alipata ekari kama 657 juu, na hisa moja ya kila kitu chenye kitatoka chini.

Soma hiyo tena pole pole. Ekari za juu zingeweza kuuzwa, na ziliuzwa sana, nyingi zikaishia kwa wenye ranchi wazungu. Hisa ya chini haikuwa kitu ya kupeleka sokoni. Ilirithiwa.

Kwa hivyo mraba mmoja mwekundu kwa ramani yako una wenyewe wawili. Kuna mwenye nyasi, na kuna mwenye mafuta. Mwenye ranchi anaamka asubuhi anapata mtambo umesimama kwa malisho yake, na hana neno la kuufukuza. Anaweza kulipwa fidia ya uharibifu, basi.

Na kwa vile hisa inarithiwa tu, fikiria mtu mwenye tamaa atafanya nini. Mwaka wa 1923 pekee, mafuta yaliletea Wa-Osage zaidi ya dola milioni 30. Walikuwa kati ya watu matajiri zaidi duniani kwa kila kichwa. Gova ikaamua wengi wao "hawajui" kushika pesa, wakawekewa walezi, wengi wao wazungu wa mji, wa kuwashikia. Walezi wakala. Wengine waliona kula pole pole kunachelewesha. Wakaanza kuoa ndani ya familia, halafu familia ikaanza kudedi.

Mollie Burkhart alipoteza dada yake Anna Brown, aliyepatikana amepigwa risasi Mei 1921. Mama yao akafa miezi miwili baadaye. Machi 1923 nyumba ya dada mwingine, Rita Smith, ililipuliwa na bomu akiwa ndani. Nyuma ya hayo yote alikuwa William Hale, mwenye ranchi, mfalme wa ng'ombe wa eneo hilo, mtu wa kusalimiwa kanisani, na mjomba wa bwana ya Mollie. Alipatikana na hatia ya mauaji mnamo 1929. Aliachiliwa 1947. Zaidi ya watu 20 waliuawa miaka hiyo, na kesi nyingi hazikuwahi kupata mwenyewe.

Chukua karatasi ya Fairfax uangalie. Vilima, mto, barabara, viboksi vyeusi. Hakuna alama ya hayo.

Kama unadhani hii mambo ya juu na chini ni historia ya vumbi, ngoja. Miaka kumi hivi iliyopita kampuni ilisimamisha mitambo 84 ya upepo kwa nchi ya ranchi pale Osage. Walikuwa wameongea na wenye ardhi, karatasi ziko sawa, kila mtu anatabasamu. Lakini kuchimba misingi walitoa mawe, wakayaponda, wakayarudisha kushikilia mitambo. Wa-Osage wakasema: hayo mawe ni ya chini, na chini ni yetu. Mwaka wa 2017 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba hiyo ilikuwa uchimbaji wa madini na ilihitaji kibali. Disemba 2023 jaji aliamuru mitambo yote ing'olewe. Mitambo 84, juu ya mawe. Tangu hapo mawakili wamebaki na kazi.

Kuna upande wenye unafurahisha kidogo pia. Mwaka wa 2011 gova ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 380 kwa vile ilikuwa imesimamia vibaya mali ya Wa-Osage. Miaka mitano baadaye taifa hilo lilinunua ranchi ya ekari kama 43,000 kutoka kwa Ted Turner, yule mwanzilishi wa CNN, kwa dola milioni 74. Walinunua uso wa nchi yao wenyewe, mara ya pili.

Sisi huku tuko na mpango tofauti kabisa. Katiba ya 2010 inasema madini na mafuta ni mali ya umma, hata kama taito ya ploti iko na jina lako. Mafuta ya Turkana yalipogunduliwa kwa kisima cha Ngamia-1 mnamo 2012, kelele ilikuwa ya mgao: Sheria ya Petroli ya 2019 ikasema serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya hapo 5. Kule Lokichar pia juu kuna mifugo na chini kuna mafuta. Mwenye mbuzi hana hisa ya kichwa kama Mu-Osage. Ako na sehemu ya ile 5, ikifika.

Turudi kwa kaduara

Sasa kwa nini mtu asake visima vya zamani?

Mwanzoni mwa karne iliyopita kuchimba mafuta ilikuwa kama bahati nasibu. Mtu anachimba, anapata kidogo ama anakosa, anahamia kilima kingine. Hakuna sheria kali ya kuziba, na hata pale mtu aliziba, wengine walitumbukiza magogo na mawe wakaita hiyo kazi. Kampuni ikianguka, makaratasi yanaenda nayo. Makadirio ya Marekani yanasema visima vya aina hii, vyenye havina mwenyewe na haviko kwa rekodi, vinaweza kuwa kati ya 310,000 na 800,000. Ukubwa wa hilo pengo peke yake unakuonyesha vile hawajui.

Kisima chenye hakijazibwa vizuri ni mrija kutoka chini hadi juu. Kinapitisha methani, gesi yenye inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi ukipima kwa miaka 100. Ikijikusanya ndani ya nyumba, inalipuka. Kinapitisha pia maji ya chumvi yenye yalikaa chini na mafuta, yanachanganyika na maji ya kunywa. Pale Osage kwenyewe, karibu na Ziwa la Skiatook, watafiti wa USGS walisoma mahali maji ya aina hiyo yalimwagwa miongo mingi iliyopita. Miti ilikufa, udongo ukaanza kubebwa na mvua, na chumvi bado iko ardhini. Kwa mwenye ng'ombe, hiyo ni nyasi yenye hairudi.

Mwaka wa 2021 Marekani ilitenga dola bilioni 4.7 za kuziba visima vya mayatima, hivyo ndivyo wanaviita. Doo iko. Shida ni moja: utaziba aje kisima chenye hujui kiko wapi?

Kutembea mguu kwa mguu nchi nzima haiwezekani. Ndege zisizo na rubani zenye vipima-sumaku zinasaidia, maana zinahisi chuma kilichobaki chini, lakini lazima ujue uzirushe wapi. Hapo ndipo mtu alikumbuka zile ramani. Wachoraji wa USGS hawakuwa wanatafuta mayatima. Walikuwa wanaweka alama ya kitu chenye walikiona kwa picha ya ndege ama kwa macho. Kisima kilikuwa hapo siku hiyo, wakachora duara, wakaenda. Bila kujua, waliandika rekodi yenye ofisi za mafuta hazikuandika.

Timu ya Maabara ya Kitaifa ya Lawrence Berkeley ilichukua ramani zilizochapishwa kati ya 1947 na 1992, juu miaka hiyo alama ya kisima ilikuwa imetulia, ni ile ile kila karatasi. Wakafundisha akili unde, ile AI mnaijua, kuitambua. Inaonekana rahisi hadi ufikirie vitu vingine vyenye vinafanana na duara kwa ramani: sifuri, herufi o, mduara wa nambari 9, mwisho wa barabara ya kugeuzia gari. Mashine ilipaswa kujifunza kukataa hizo zote. Halafu kila duara likalinganishwa na orodha rasmi ya visima. Lenye liko karibu na kisima kilichoandikwa, achana nalo. Lenye liko peke yake, mbali na rekodi yoyote, hilo ni mshukiwa.

Walijaribu kaunti nne: Los Angeles na Kern kule California, Oklahoma na Osage upande huu. Matokeo yalitoka mwisho wa 2024: visima 1,301 vinavyoshukiwa kuwa mayatima wasiojulikana. Wakati huo 29 vilikuwa vimethibitishwa kwa picha za setilaiti na 15 kwa watu kwenda mashinani. Los Angeles, we, fikiria. Kule kaduara kanaweza kuwa chini ya keja ya mtu, sebule iko na televisheni na watoto.

Mi naipenda hii kazi, lakini usiibebe kama muujiza. Ramani za kuanzia 1947 haziwezi kuonyesha kisima chenye kilichimbwa na kufunikwa kabla ya hapo, na Osage ilikuwa imeshachimbwa nusu karne nzima. Pia duara moja la upana wa milimita, kwa skeli hiyo, linakula mita 24 za ardhi. Inakufikisha kwa malisho sawa. Kutoka hapo ni kutembea kwa nyasi na kipima-sumaku, ukiangalia nyoka.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Bando kidogo tu inatosha. USGS imeweka zaidi ya ramani 178,000 za kitambo, kutoka 1884 hadi 2006, kwa tovuti yake ya topoView, na kudownlodi ni bure. Andika Pawhuska, hayo ndiyo makao makuu ya Osage County, mji wenye zabuni za mafuta zilikuwa zinapigiwa mnada chini ya mti. Utapata karatasi kadhaa za miaka tofauti. Chagua moja ya 1:24,000.

Kabla uguse kitu kingine, shuka pembe ya chini kushoto usome maandishi madogo: picha za ndege zilipigwa mwaka gani, na mtu alienda mashinani mwaka gani. Mwaka wa kuchapishwa unaweza kuwa mbele kabisa ya hiyo, na mwenye hajacheki hapo anajidanganya kuhusu umri wa kila kitu kingine kwa karatasi.

Halafu fungua picha za setilaiti za mahali hapo kando. Fuata njia moja ya vumbi hadi mwisho. Mara nyingi utapata kiraka cheupe cha kokoto chenye nyasi imekataa, na mtambo unaoinamisha kichwa ukiendelea na kazi. Hicho kinajulikana. Endelea na kinachofuata, na kinachofuata. Kuna mahali ramani itakuonyesha duara na setilaiti itakuonyesha majani tu, laini, kijani, na ng'ombe watatu wamesimama. Andika namba za gredi za hapo.